Kiraka Kikichelewa, Zima Seva

Alhamisi ya tarehe 9 Desemba 2021 Tanzania Bara ilikuwa inaadhimisha miaka 60 ya Uhuru. Ofisi za Mtumba zilikuwa zimefungwa, maduka mengi ya katikati ya mji yamefunguliwa nusu mlango, na kwenye steshenari moja ya Ng'hong'hona, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Dodoma, vijana saba walikuwa wamebanana kwenye viti vya plastiki wakicheza Minecraft. Seva waliyokuwa wakiichezea niliwawekea mimi. Ilikaa ndani ya kompyuta ileile ya mezani iliyokuwa ikichapa, kuskani na kudurufu vyeti vya wateja mchana kutwa. Wenzao walioko Singida, Manyoni na Dar es Salaam waliingia kwa anwani ya IP, na jioni ungewasikia wakiitana kwa majina ya humo ndani kana kwamba wote wanakaa mtaa mmoja.

Siku hiyohiyo taarifa za udhaifu mmoja wa kompyuta zilianza kuenea duniani. Ulipewa namba CVE-2021-44228, watu wakauita Log4Shell, na kwa kipimo cha ukali ukapata alama 10 kati ya 10. Mimi nilizisoma Ijumaa asubuhi. Jina la Minecraft lilikuwa limetajwa waziwazi. Nilijua seva ya wale vijana ni toleo la 1.12.2, na nilijua toleo hilo limo kwenye orodha ya yaliyoathirika. Nikapanga kupita Jumatatu baada ya kazi.

Jumapili usiku simu ikaita. "Kaka, samahani kwa usumbufu usiku huu. Mashine inahema sana. Feni haitulii, na hakuna mtu anayecheza."

Nilikwenda na bodaboda. Kile kitambaa ambacho mama mwenye duka hufunikia boksi la kompyuta ili vumbi la Dodoma lisiingie kilikuwa na joto la nguo iliyotoka kupigwa pasi. Prosesa ilikuwa inatumika asilimia 100 na programu ambayo hakuna aliyeiweka, ikichimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu asiyejulikana, kwa umeme wa LUKU wa yule mama. Nikafungua faili la kumbukumbu za seva. Mchezaji mwenye jina lisilojulikana na yeyote pale aliingia saa tisa alasiri, akaandika kwenye chati mstari mmoja unaoanza na alama ya dola na mabano, ndani yake neno jndi, kisha ldap, kisha anwani ya kompyuta ya mbali. Akatoka. Hakumaliza hata dakika moja.

Kwenye diski hiyohiyo kulikuwa na folda iliyoandikwa MIKOPO 2021. Vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, picha na saini za wadhamini, barua za watendaji wa kata: kila kitu ambacho wanafunzi walikuja kuskani tangu Agosti wakiomba mkopo wa elimu ya juu.

Toka usiku ule nina msimamo mmoja, na ndio ninaoutetea hapa. Mtu anayefungua seva ya gemu kwa watu wa nje amefungua mlango wa umma, na kuufunga mlango huo ni sehemu ya kazi yake sawa na kuufungua. Kiraka, yaani marekebisho ya programu yanayoziba udhaifu, kikiwepo, akiweke leo. Kama hawezi kukiweka leo, azime seva leo. Hakuna hatua ya tatu katikati ya hizo mbili, ingawa karibu sisi sote tunaishi kwenye hiyo ya tatu.

Tuanze na udhaifu wenyewe, maana wengi waliusikia kwa jina tu. Fikiria mapokezi ya gesti yoyote ya hapa Dodoma wakati wa vikao vya Bunge. Mezani kuna daftari kubwa la wageni: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi, saini. Karani hana zaidi ya kunakili unachomwambia. Sasa anafika mgeni, na penye safu ya unakokwenda anamwambia karani aandike: "Nenda nyumba ya kona, chukua bahasha utakayopewa, ifungue, ufanye iliyoagiza." Karani wa kawaida atayanakili maneno hayo, au atamshangaa mgeni. Karani wa Log4j aliweka kalamu chini, akaenda nyumba ya kona, akachukua bahasha, akafanya.

Log4j ni kipande cha programu za Java ambacho kazi yake ni hiyo ya karani, kuandika kumbukumbu za yanayotokea. Kinatunzwa na watu wanaojitolea chini ya taasisi ya Apache, na kimo ndani ya maelfu ya programu ambazo watumiaji wake hawajawahi kulisikia jina hilo. Uwezo wa kusoma maandishi na kuyatii uliingizwa mwaka 2013, kwa nia ya kuwarahisishia kazi wahandisi. Ulikaa humo miaka minane. Aliyetoa taarifa kwa Apache ni Chen Zhaojun wa kitengo cha usalama cha Alibaba Cloud, tarehe 24 Novemba 2021.

Kwa nini basi gemu ndiyo iliyobeba jina la janga hili siku za mwanzo? Kwa sababu ya chati. Kwenye mifumo ya benki au ya ofisi mshambuliaji alihitaji kutafuta ni kitu gani hasa kinachonakiliwa kwenye kumbukumbu. Kwenye Minecraft ya Java, kila neno analotamka mchezaji linanakiliwa. Linanakiliwa kwenye seva, na linanakiliwa pia kwenye kompyuta ya kila mchezaji aliyemo wakati huo. Ujumbe mmoja wa mtu mmoja ulitosha kuigusa mashine ya Ng'hong'hona, laptopu ya kijana wa Manyoni na ile ya binamu yake aliyeko Dar es Salaam, kwa sekunde ileile. Mshambuliaji hakuhitaji nenosiri la mtu, na hakuna aliyelazimika kubonyeza kiungo chochote. Ndiyo maana ya udhaifu wa mbali.

Na kiraka kilikuwepo. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Mojang, watengenezaji wa Minecraft, walitoa toleo la 1.18.1 tarehe 10 Desemba, siku ileile ya Ijumaa niliyosoma habari. Kwa wenye matoleo ya zamani walieleza la kufanya kwa kila kundi: 1.17 iongezewe mstari kwenye amri ya kuwashia, 1.12 hadi 1.16.5 wapakue faili dogo la mipangilio na waiambie seva ilisome, 1.7 hadi 1.11.2 faili jingine la namna hiyohiyo. Seva yetu ilihitaji faili moja na mstari mmoja. Dakika kumi, ukijumlisha na muda wa kuwasubiri vijana waage. Kati ya Ijumaa asubuhi na Jumapili saa tisa alasiri zilipita zaidi ya siku mbili ambazo dawa ilikuwa mezani na mgonjwa yuko nyumba ya pili.

Nilipowasimulia watu kisa hiki, jibu nililolipata mara nyingi ni: "Lakini ndugu, nani atahangaika na steshenari ya Ng'hong'hona?" Nalielewa swali hilo. Nalo ndilo hatari kuliko udhaifu wenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitengeneza programu iitwayo ZMap, wakaonyesha kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi ya gigabiti inaweza kugonga mlango mmoja kwenye anwani zote za umma za IPv4 duniani, yaani namba zinazotambulisha kompyuta kwenye intaneti, chini ya dakika 45. Minecraft kwa kawaida husikiliza kwenye mlango namba 25565. Anayetafuta seva mbovu hana habari kama kuna mji unaitwa Dodoma. Anaagiza mashine igonge, kisha anakwenda kunywa chai. Akirudi anakuta orodha ya walioitikia. Udogo wetu haujawahi kuwa ukuta.

Tena aliyeingia hakuwa na haja ya kujua sisi ni nani ili anufaike. Alitaka prosesa. Mwingine angetaka laini ya intaneti. Wasomaji wa muda mrefu watakumbuka Mirai, jeshi la kamera na ruta zilizotekwa mwaka 2016. Waliolitengeneza walikuwa vijana waliojiingiza kwenye biashara ya seva za Minecraft nchini Marekani, ambako mwenye seva alilipa ili seva ya mpinzani ianguke na wachezaji wahamie kwake. Silaha hiyo ilipowekwa hadharani na kufika mikononi mwa wengine, tarehe 21 Oktoba 2016 iliipiga Dyn, kampuni inayosaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, na watu wa Marekani na Ulaya wakashindwa kufungua Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Ugomvi ulianzia kwenye gemu za watoto.

Sasa nije kwenye sababu zinazochelewesha kiraka, maana hapa ndipo lawama rahisi za "uzembe" zinapokosea njia.

Sababu kubwa niliyoiona kwa macho yangu ni modi na plagini. Vijana hawachezi Minecraft tupu. Wanacheza iliyojazwa mashine, mazimwi, magari na sarafu za kununua viwanja, na kila kimoja kimetengenezwa na mtu wake kwa toleo fulani. Seva ile ilikuwa 1.12.2 mwaka 2021, wakati dunia iko 1.18, kwa sababu modi waliyoipenda ilikomea hapo. Ukipandisha toleo, nusu ya ulimwengu wao inapotea: nyumba walizojenga kwa miezi minne zinageuka mashimo. Ukimwambia kijana "apdeti", yeye anasikia "bomoa". Usimcheke. Mwenye duka anayekataa kubadili programu ya mahesabu anasema jambo hilohilo kwa lugha ya kikubwa. Ndiyo maana nawapa sifa Mojang kwa kutoa dawa ya matoleo ya nyuma badala ya kusema tu "njooni kwenye jipya". Kiraka kinachomlazimisha mtu achague kati ya usalama wake na jasho lake, wengi watakiacha.

Modi zenyewe nazo ni mlango. Julai 2023 ulijulikana udhaifu uliopewa jina BleedingPipe, na haukuwa ndani ya Minecraft bali ndani ya modi kadhaa za 1.7.10 na 1.12.2 zilizopokea data kutoka nje na kuifungua bila kuikagua. Seva iliyokuwa imeweka kiraka cha Log4j barabara bado ingeweza kuingiliwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo anayeendesha seva yenye modi 40 ana programu 41 za kufuatilia. Ukimuuliza ni zipi, wengi watakufungulia folda wasome pamoja nawe.

Halafu kuna vizinduzi, yaani programu za kufungulia gemu, visivyo rasmi. Aliyenunua gemu kwa njia halali alitakiwa tu kufunga na kufungua upya, kiraka kikashuka chenyewe. Mojang walionya kwamba vizinduzi vya watu wengine na gemu zilizofanyiwa marekebisho huenda visipate kiraka hicho moja kwa moja. Hapa kwetu, ambako kijana hana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni na gemu imemfikia kwa flashi kutoka kwa rafiki, wachezaji wengi wako upande huo wa pili. Silaumu umaskini wa mtu. Nasema tu kwamba mwenye seva anayejua wachezaji wake wanatumia vizinduzi hivyo amebeba na usalama wao, kwa kuwa chati ya seva yake ndiyo itakayowafikishia ujumbe wa sumu.

Bando na umeme vina sehemu yake, ila ndogo kuliko tunavyopenda kusema. Faili la kiraka chetu lilikuwa dogo kuliko picha moja ya WhatsApp.

Na kiraka chenyewe hakikuwa kimoja. Ndani ya Desemba ileile Apache walitoa Log4j 2.15.0, kisha 2.16.0 kwa kuwa ya kwanza haikuziba kila kona, kisha 2.17.0, na kabla mwezi haujaisha 2.17.1. Aliyeziba tarehe 10 akalala usingizi mzito alikuwa amefanya robo ya kazi. Hili linanifanya nisiamini kabisa maneno "tumeshaapdeti". Swali linalofaa ni: toleo namba ngapi, umelisoma wapi, lini?

Kuhusu kuzima seva, naomba nikae kidogo, maana hapo ndipo ninapopingwa.

Januari 2022 mchezaji wa Dark Souls III aliyekuwa akirusha mchezo wake mubashara aliona gemu inafungwa na kompyuta yake inaanza kuendeshwa na mtu mwingine mbele ya watazamaji. Ilikuwa ni udhaifu wa mbali kwenye msimbo wa mtandao wa gemu hiyo. Tarehe 23 Januari wachapishaji, Bandai Namco, wakazima seva za kupigana mtandaoni za Dark Souls zote za kompyuta. Za PlayStation na Xbox ziliachwa ziendelee. Kumbuka wakati wenyewe: Elden Ring, gemu mpya ya studio ileile ya FromSoftware, ilikuwa inatoka tarehe 25 Februari. Hakuna mfanyabiashara anayependa kuzima taa za duka mwezi mmoja kabla ya sikukuu. Walizima. Dark Souls III ikarudi Agosti 2022, miezi saba baadaye. Toleo la kwanza kabisa la kompyuta halikurudi. Walisema mfumo wake umechakaa mno.

Yapo ya kuwalaumu. Iliripotiwa kwamba waliogundua udhaifu ule walikuwa wamejaribu kuwaarifu mapema bila kupata mwitikio, na kwamba tukio la mubashara lilifanywa ili wasikike. Kampuni isiyo na mlango wa kupokea taarifa za namna hiyo inawasukuma watu kwenye maonyesho. Lakini baada ya kujua, waliacha hasara ya jina na fedha itangulie, wachezaji wakabaki salama. Mimi mwenye seva ya vijana saba, isiyoniingizia hata senti, sikufanya hivyo kwa siku mbili.

Marehemu bibi yangu wa Bahi alikaa kwenye tembe. Kabla ya mvua za Desemba paa la udongo lilikandikwa upya, na kazi hiyo hatukuipenda watoto kwa kuwa jua la Novemba huko halina huruma. Mwaka mmoja mvua iliwahi, upande wa mashariki haujaguswa. Bibi hakutupandisha juu kukandika udongo chini ya mvua. Aliwatoa watoto na mtama upande ule, akafunga mlango wake, tukalala wote upande mmoja tumebanana mpaka kulipokauka. Nimemfikiria sana bibi kila ninaposikia mtu anasema seva haiwezi kuzimwa.

Hoja ya wanaonipinga ni kwamba wachezaji hawasubiri. Ukizima Ijumaa, Jumamosi wako kwenye seva ya mtu mwingine, na pengine hiyo ni mbovu kuliko yako. Ni kweli kwa kiasi. Mwaka 2019 kampuni ya Doctor Web ilieleza kuhusu Counter-Strike 1.6, gemu ya zamani ambayo hufunguka hata kwenye kompyuta dhaifu na ndiyo sababu bado inapendwa. Kati ya seva kama 5,000 zilizoonekana kwenye orodha rasmi ya Steam, duka la gemu la mtandaoni, 1,951, yaani asilimia 39, zilikuwa zimeundwa na kirusi kiitwacho Belonard. Kiliingia kwa udhaifu wa gemu yenyewe, kisha kikaigeuza kompyuta ya mchezaji kuwa seva ya bandia inayojitangaza kwenye orodha. Na seva hizo za bandia zilionyesha pingi ndogo, yaani muda mfupi wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, hivyo zikapanda juu ya orodha. Mtu wa Dodoma aliyechoka na pingi inayozidi milisekunde 100 kwenye seva za Ulaya akiona namba ndogo hivyo, vidole vinamtangulia.

Kwa hiyo ndiyo, wachezaji watakwenda pengine. Ila kuwaacha kwenye nyumba ninayojua inavuja kwa hofu ya kwamba wataingia nyumba nyingine inayovuja, hapo nimejitetea mimi, wao sijawatetea. Na gemu kama 1.6, ambayo viraka vyake havifiki tena kwa wakati, ichezwe kwenye mtandao wa ndani wa chumba, nyaya na swichi, bila kufunguliwa kwa nje. Wale waliocheza hivyo miaka ya nyuma wanajua utamu wake haukupungua.

Turudi kwenye steshenari. Usiku ule niliweka kiraka, na kwa robo saa nilijiona nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Kiraka kinaziba tundu. Aliyekwishaingia kinamwacha ndani. Programu ya kuchimba ilijirudisha yenyewe baada ya kuwasha upya, kwa sababu ilikuwa imejiandikisha kwenye ratiba ya mashine. Na kwa kuwa seva niliiwasha kwa akaunti yenye mamlaka yote, mgeni naye alirithi mamlaka yote. Hapo hakuna tena kuziba. Tulihifadhi faili za ulimwengu wa gemu peke yake, tukafuta diski nzima, tukaanza upya, na manenosiri yote ya mama yakabadilishwa kwenye simu, nje ya ile kompyuta.

Ikabaki folda ya MIKOPO. Hatukuwa na kumbukumbu yoyote ya kilichotoka kwenda nje, kwa hiyo hatukuwa na namna ya kumhakikishia mtu kwamba cheti chake hakikuchukuliwa. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hawa watoto wa watu niwaambie nini?" Nilimwambia awaambie ukweli. Alianza kuwapigia kesho yake, mmoja mmoja, kwa simu yake ndogo, akisoma namba kwenye daftari la madeni. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Wengine walimwelewa. Mmoja alilia kwa kuwa mdhamini wake alikuwa baba mdogo ambaye hata kumshawishi atoe kitambulisho ilikuwa shida.

Leo jambo kama hilo lina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa aliyeingia. Lakini aliyeingia hatukumjua na hatutamjua. Aliyejulikana ni mama na ni mimi.

Basi ninachokiomba kwanza ni seva kuwa na mwenyewe. Nasema mtu, mwenye jina na namba ya simu, ambaye wachezaji wote wanajua ndiye anayeweza kuizima bila kuomba ruhusa ya yeyote. Seva nyingi za vijana wetu zina waanzilishi watano na wenye mamlaka kumi, na siku ya tatizo kila mmoja anadhani mwenzake ameshughulika. Mwenyewe huyo ajue matoleo yake kwa namba, asichanganye seva na kompyuta yenye karatasi za watu, aiwashe kwa akaunti isiyo na mamlaka, na afunge orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Hayo manne yangepunguza sana madhara ya Desemba ile hata bila kiraka.

Cha pili nawaomba TZ-CERT, kitengo cha kukabili matukio ya kompyuta kilichoko chini ya TCRA. Tahadhari zao ziwafikie na watu hawa, kwa Kiswahili chepesi, kwa ujumbe unaotosha skrini moja ya simu: gemu gani, toleo gani, fanya hivi, ukishindwa zima. Mwenye steshenari hasomi ripoti ya kurasa 12, ila ujumbe wa kundi la WhatsApp anausoma kabla hajafungua dirisha la duka.

Na wanafunzi wa kompyuta wa UDOM, ambao wako hatua chache tu kutoka kwenye mashine hizi, waichukue kazi hii kama mazoezi yao halisi. Kwa ruhusa ya mwenye seva, kwa maandishi, maana kujaribu mlango wa mtu bila ruhusa ni kosa hata ukiwa na nia safi. Desemba 2021 dunia nzima ilikuwa darasani. Bodi ya Marekani iliyolichunguza tukio hilo ilisema Julai 2022 kwamba Log4j mbovu zitaendelea kukutwa kwenye mifumo kwa miaka kumi au zaidi. Kwa hesabu hiyo waliozaliwa siku ile ya Uhuru watazikuta wakiwa darasa la nne.

Seva ya Ng'hong'hona bado ipo. Iko kwenye kamashine kadogo ka mtumba, peke yake, na waya wake hauungani na wa kompyuta ya mama. Ukutani juu yake kuna karatasi ya A4 iliyobandikwa kwa solotepu: jina la mwenye seva wa muhula huu, namba yake, toleo la seva, orodha ya modi na tarehe ya mwisho kukaguliwa. Nilipita pale majuzi kuskani hati yangu. Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Imezimwa Jumanne saa 4 usiku. Modi ya magari ina shida, kiraka bado." Vijana wanne walikuwa nje kwenye benchi wanakula chipsi, mmoja amemshikia simu aliyeandikwa ukutani, wanasoma pamoja kama mtengenezaji wa modi amejibu.